Kila Saa, Sita

Kisanduku changu cha huduma ya kwanza kilizinduliwa rasmi Jumapili mchana, bwenini, mbele ya umati wa watu wanne na soksi kadhaa zilizoanikwa kwenye vyuma vya vitanda. Utepe ulikuwa bendeji. Mkasi ulikuwa ule uliomo kisandukuni, wenye ncha butu, hivyo kukata utepe kulichukua muda mrefu kuliko hotuba. Mgeni rasmi alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mwenye kitanda cha juu yangu, ambaye shule nzima ilimwita Mheshimiwa kwa sababu tangu kidato cha kwanza alitembea mikono nyuma kama anayekagua gwaride.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "leo bweni letu limepata hospitali ya rufaa."

Umati ukapiga makofi. Soksi zikatulia.

Hospitali yenyewe ilikuwa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na pamba, plasta, dawa ya kusafishia vidonda, mafuta ya kupaka ukiungua, chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na boksi lenye karatasi moja ya vidonge vyeupe vya parasetamoli, vile vya homa na maumivu ambavyo kila mtu anavijua na ndiyo maana, kwa mujibu wa Shangazi, kila mtu anavikosea. Shangazi ni mfamasia. Ana duka la dawa, na ana macho yanayoweza kukutoa kikohozi cha uongo kifuani bila dawa yoyote. Ndiye aliyenifungashia kopo lile.

"Mbona vidonge kumi tu, Shangazi?" nilimuuliza siku hiyo, nimeegemea kaunta yake. "Duka zima hili ni lako."

"Kisanduku si duka, mwanangu. Homa ikimaliza vidonge kumi na bado ipo, hiyo si homa yako tena, ni ya daktari. Toa kiwiko kwenye kioo changu."

Nikatoa kiwiko. Akaendelea, kidole juu.

"Kwa mtu mzima, na kwa majitu kama ninyi: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, viwili wakati wa kulala. Basi. Vinane kutwa na kucha, hata kichwa kikipasuka. Mtoto mdogo hesabu yake ni nyingine, usimguse. Na nisikusikie ukimwambia mtu 'kila saa sita'. Mmoja atakunywa saa sita ya mchana na kungoja saa sita ya usiku, mwingine sijui atakuja na nini. Halafu kabla hujampa mtu hata kimoja, muulize: umekunywa nini kingine leo?"

"Kama polisi."

"Kama mtu anayependa ini la mwenzake."

Hayo yote niliyarudia kwenye uzinduzi, neno kwa neno, na kiwiko nikakitaja. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameokota boksi la vidonge na kulisogeza dirishani asome maandishi.

"Daktari," alisema (cheo hicho nilikuwa nimejipa asubuhi ile), "hapa pameandikwa 'vidonge viwili kila saa sita'. Saa sita ipi? Ya mchana?"

"Umeruka mkato, Mheshimiwa," nilimjibu kwa uso wa mazishi. "Soma tena. Kila saa, sita."

Alinitazama. Nikamtazama. Kisha tukaanguka, yeye kwenye sanduku lake la chuma na mimi juu yake, tukacheka mpaka umati ukachoka na kwenda zake. Wao hawakuona cha kuchekesha. Huo ndio ulikuwa utamu wake. Tangu siku hiyo, tukipishana kwenye korido, kwenye foleni ya chai, hata katikati ya kipindi cha hisabati, yeye alinong'ona "Kila saa?" na mimi nikaitika "Sita!" Ilikuwa salamu yetu. Hakuna mtu mwingine shuleni aliyekuwa na ufunguo wake.

Naomba ieleweke kwamba mimi sikuwa mtu wa kuaminika. Nilikuwa nimetia chumvi kwenye bakuli la sukari la meza ya viranja. Nilikuwa nimetangaza ukaguzi wa ghafla ambao haukuwapo, na mabweni yote yakadekiwa mara mbili, jambo ambalo naona nilistahili kupewa tuzo. Nilikuwa nimejifunga bendeji kutoka goti hadi kifundo ili nisikimbie mbio za nyika, na bahati mbaya nikafunga mguu mmoja asubuhi na mwingine mchana. Mheshimiwa alikuwa kinyume changu: shati limenyooka, ahadi zimenyooka. Walimu walimkabidhi ufunguo wa sanduku la dawa la timu ya mpira, naye aliuvaa shingoni kwa kamba kama medali. Kila mtu alijua kwamba Mkuu wa shule angemtangaza kuwa kaka mkuu. Kilichobaki ni hotuba ya Jumamosi mbele ya wazazi.

Ijumaa asubuhi akaamka akiwaka moto. Pua imeziba, macho mekundu, sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta.

"Kesho," alinong'ona, "nitahutubia vipi na sauti hii?"

"Utahutubia kama chura. Vyura nao wana wapiga kura wao." Nikafungua kopo. "Umekunywa nini kingine leo?"

"Sijanywa kitu."

"Hata kidogo?"

"Daktari, unanitibu au unanipeleleza?"

Alijibu haraka, na akatabasamu. Nikampa vidonge viwili na maji. Nikamwambia vingine ni mchana, na aje kwangu mwenyewe nimpe, halafu aende kwa Nesi wa shule akamwone. Akasema sawa, sawa, sawa. Nikaenda darasani.

Mchana hakuja. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kitandani, karatasi ya hotuba mkononi, anajisomea. Alisema kichwa kimepoa, hahitaji kitu. Kikombe chake kilikuwa kinanukia ndimu. Nikasema moyoni kwamba kuna watu wanapata chai ya ndimu shuleni hapa na mimi sijaambiwa, nikajisikia wivu kidogo, nikaondoka.

Jumamosi asubuhi, paredi ikiwa imepangwa, Mheshimiwa alitoka kwenye mstari wake, akapiga hatua chache kwa heshima zake zote, akatapika juu ya viatu vya mwalimu wa zamu.

Walimpeleka zahanati ya shule, chumba chenye vitanda viwili na pazia la kijani. Nikakusanya taulo lake, sabuni yake na mswaki wake nikamfuata. Nesi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miwani imepanda juu ya paji la uso. Ni mama mfupi, hapendi utani, na mimi tayari alikuwa na sababu za kutonipenda, mguu wa kulia na wa kushoto.

"Umekunywa dawa gani?" alikuwa anamuuliza.

"Vidonge vyeupe."

"Vingapi?"

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, suti ya wageni mwilini. Mheshimiwa alimwona Mkuu. Kisha akaniona mimi nyuma ya Mkuu, taulo lake begani mwangu.

"Nilifuata nilivyoelekezwa," alisema. "Daktari... yaani huyu, yeye ndiye mwenye kopo la dawa. Aliniambia kila saa, sita."

Alitamka na mkato. Niliusikia ule mkato kama mlango unavyofungwa. Alitua mahali palepale tulipokuwa tukitua siku zote, na macho yake yakaenda darini.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu kichwa changu kilisikia salamu kabla ya kusikia mashtaka, na kidogo tu niitike.

"Unacheka," alisema Mkuu.

"Hapana, Mkuu."

"Nimekuona."

"Ndiyo, Mkuu, lakini sikuwa nacheka. Hiyo ni... sisi tuna..." Jaribuni ninyi kumweleza mkuu wa shule mzaha wa mkato, mgonjwa akiwa anatapika kwenye beseni.

"Uliwahi kusema maneno hayo au hukuwahi?" aliuliza Mkuu.

"Niliwahi, lakini..."

"Inatosha. Ofisini."

Angeweza kusema uongo wa kawaida. Hilo ndilo lililoniuma nilipokuwa nikivuka uwanja nyuma ya suti ile. Angesema amesahau, amechanganyikiwa, ameota. Uongo uko mwingi, mimi mwenyewe ningemwazima mmoja mzuri. Yeye alikwenda kuchukua kitu kile kimoja kilichokuwa chetu wawili, akakitoa mbele za watu kama ushahidi. Na kilikuwa ushahidi mzuri, kwa sababu kilinuka mimi tupu.

Ofisini nilijitetea, nikajitetea vibaya. Nilikuwa na uzoefu mkubwa wa kukana mambo niliyoyafanya. Safari hii sikuwa nimefanya kitu, na hilo sikuwa na mazoezi nalo. Kila sentensi ya kweli ilitoka na sauti ileile ya ukaguzi wa ghafla.

"Utani una mipaka," alisema Mkuu. "Ya chumvi nimevumilia. Hii ni roho ya mtu. Leo unakwenda nyumbani, na sidhani kama bodi itakurudisha."

Akampigia Shangazi aje kunichukua. Alimweka kwenye spika ili nisikie aibu vizuri.

"Kila saa vidonge sita?" sauti ya Shangazi ilijaza chumba. "Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi, mama."

"Haiwezekani, Mwalimu."

"Mama, najua ni mwanao..."

"Si suala la mwanangu. Nilimpa vidonge kumi. Kumi. Sita kila saa tangu asubuhi, saa ya pili tu kopo limekauka. Alivitoa wapi vingine?"

Mkuu akanitazama. Nikaonyesha mikono mitupu, ishara ambayo, kwa bahati mbaya, hutumiwa pia na wenye hatia.

"Pengine ana akiba yake," alisema Mkuu.

"Basi ipekueni. Lakini nisikilize, Mwalimu, hilo la nani kasema nini tutalimaliza baadaye. Mtoto anatapika. Vidonge kumi kwa siku ni vingi, ndiyo, vimepita kipimo. Ila mimi naogopa kuna kingine juu yake. Ana mafua huyo kijana? Kuna dawa za mafua za unga, za kukoroga na maji ya moto, ndani yake mna parasetamoli hiyohiyo. Watu wanaona ule unga na hivi vidonge, wanadhani ni vitu viwili. Ini halijui unga wala kidonge. Na anaweza kuacha kutapika, mkamwona amepona, kumbe linaumia kimyakimya. Apelekwe hospitali sasa hivi, na waambiwe kila alichomeza."

Unga wa kukoroga. Mimi nilisimama pale na pua yangu ikanikumbusha kikombe.

"Shangazi," nilisema, "huo unga unanukia ndimu?"

"Mwingi wake ndiyo. Kwa nini?"

Mkuu alikuwa ameshakata simu ili aite gari. Akaniambia nikafunge begi. Niliondoka ofisini, lakini badala ya kwenda bwenini nilikata kona ya zahanati. Nesi alikuwa nje, simu sikioni, anaongea na hospitali. Nikapita nyuma ya pazia la kijani.

Mheshimiwa alikuwa amelala chali. Alikuwa na rangi ya karatasi.

"Ulikunywa na unga wa mafua," nilisema.

Hakukana. Alitazama mlango kwanza.

"Punguza sauti."

"Ulipata wapi?"

Akagusa kifua, pale ufunguo wa sanduku la timu ulipokuwa ukining'inia chini ya shati.

"Nilitaka sauti irudi tu," alisema. "Nikanywa mmoja alfajiri, kabla hujaamka. Haukusaidia. Nikanywa mwingine. Halafu vidonge vyako. Nilidhani kila kimoja kinafanya kazi yake."

"Alfajiri? Nilikuuliza. Nilikuuliza umekunywa nini kingine!"

"Ningekujibu nini? Kwamba mgombea ameiba dawa za timu?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi niwe nimekuua."

"Usikuze mambo, bwana." Alijaribu kutabasamu, tabasamu lile la kampeni. "Wewe wamekuzoea. Utakaa nyumbani wiki chache, Shangazi yako atakuja kulia hapa, utarudi. Mimi wakijua nimelifungua lile sanduku, imekwisha. Na wewe jina lako limeshachafuka, ndugu yangu. Halichafuki zaidi."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenieleza jambo ninalolijua. Naye aliamini. Nimeligeuza neno lile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiligeuza naona kwamba hakuwa na chuki nami hata chembe. Alikuwa amenihesabu tu, miaka yote ile ya kulala juu yangu, akaniweka kwenye fungu la vitu vinavyoweza kutupwa.

"Pakiti ngapi?" niliuliza.

"Acha."

"Ngapi? Lazima hospitali wajue."

"Tumbo limetulia. Kesho nitakuwa mzima. Nyamaza tu, Daktari. Kama unanipenda, nyamaza."

Nakumbuka nilikuwa mbio, na mbio zile zingenipa medali kwenye mbio za nyika, bendeji au bila bendeji. Bwenini nilipindua godoro lake, nikakung'uta mito, nikafungua sanduku lake la chuma. Nilizipata ndani ya viatu vyake vya mpira, pakiti tupu zimekunjwa vizuri kama barua, maana Mheshimiwa hata uchafu wake ulikuwa nadhifu. Nilizishika zote kiganjani na kwenye kopo langu la biskuti nikachukua ile karatasi ya vidonge. Haikuwa na kitu. Alikuwa amerudi kwenye kopo baada yangu akamaliza vyote.

Gari lilikuwa linaunguruma mbele ya zahanati nilipofika. Nesi alikuwa akimpandisha. Mkuu alinyoosha kidole aniulize begi langu liko wapi. Nikampita, nikamkabidhi Nesi vile vitu mkononi.

"Kumi vya kwangu," nilisema, pumzi haitoshi. "Viwili nilimpa mimi, vingine alichukua. Na hizi, za sanduku la timu. Alianza jana alfajiri."

Nesi alishusha miwani toka kwenye paji la uso. Alisoma nyuma ya pakiti moja, midomo ikicheza. Alikunja uso, akaanza kuzihesabu. Hakumaliza.

"Una uhakika?" aliuliza.

Ni mtu wa kwanza siku ile kuniuliza swali hilo na kungoja jibu.

"Muulize yeye."

Mheshimiwa alikuwa ameegemea kioo cha gari. Hakumtazama Nesi, hakumtazama Mkuu. Alinitazama mimi, na machozi yakamtoka.

"Umenisaliti," alisema.

Mlango ukafungwa, gari likaondoka. Mimi na Mkuu tukabaki tumesimama kwenye vumbi lake. Mkuu akakohoa, akasema naweza kuacha begi.

Hospitali walimpima damu, wakamtundikia dripu ya dawa inayozuia sumu ile isile ini. Shangazi alinieleza baadaye kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikiwahi, na kwamba iliwahi. Hakunisifu. Aliniuliza kwa nini kopo langu halikuwa na kufuli, kisha akanitumia kufuli.

Kaka mkuu akatangazwa mwingine, kijana mpole ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria, hata mwenyewe. Mkuu aliniita ofisini akaniambia kwamba suala limekwisha, na kwamba hata hivyo nijifunze kuchagua maneno. Kuomba radhi hakukuwa kwenye ratiba yake. Bwenini hadithi ilifika kwa njia yake: kwamba Mheshimiwa alikuwa mgonjwa, na mimi nilikimbia kupekua viatu vya mgonjwa ili nikamchongee. Wengine waliacha kuniita Daktari, wakaniita Mpelelezi. Nilingoja arudi awasahihishe. Nilijiambia ni suala la siku tu. Atarudi, atasimama juu ya sanduku lake la chuma, mikono nyuma, na kusema: ndugu wananchi, mnamkosea.

Alirudi Jumatano mchana, amekonda, shati limenyooka. Ufunguo haukuwa shingoni tena. Walimzunguka, wakamuuliza mambo ya hospitali, akawachekesha kwa habari za muuguzi aliyemwita "babu". Mmoja akasema, "Na huyu Mpelelezi wako?" Bweni zima likageuka lisikie. Mheshimiwa alipanga taulo lake juu ya chuma cha kitanda, akalinyoosha pembe.

"Yamepita hayo," alisema.

Basi. Ndiyo hotuba yote.

Jioni, wenzetu wakiwa uwanjani, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Nilikuwa nakunja bendeji kuirudisha koponi. Alivuta kamasi, akajipapasa kichwa.

"Kichwa kinagonga kidogo," alisema. "Hebu nipe kimoja. Kimoja tu."

Niliendelea kukunja. Akaniegemea na bega, kama zamani, akashusha sauti.

"Kila saa?"

Mdomo wangu uliijua kazi yake. Ulishakaa tayari, meno yamekutana kwa ile herufi ya kwanza. Ilinibidi niuzuie kwa nguvu, kama unavyomzuia mbwa anayemjua mtu aliye mlangoni.

"Umekunywa nini kingine leo?" nilimuuliza.

"Sijanywa kitu."

Haraka, na tabasamu. Sauti ileile ya Ijumaa, uso uleule, na mimi niliyelala chini ya mtu huyu tangu kidato cha kwanza sikuweza kujua kama ni kweli au uongo. Pengine ilikuwa kweli. Nilimtazama kwa muda nikitafuta mahali pa kusoma, sikupaona.

Nikafunga kopo, nikabana kufuli la Shangazi.

"Inuka," nilisema. "Twende kwa Nesi, umwambie mwenyewe."

Tulivuka uwanja bega kwa bega, mikono yake nyuma, ufunguo wangu mfukoni, na njia nzima hakuna aliyemsalimia mwenzake.